Kiu Kwenye Udongo Mbichi

Nyumbani kwetu maji hayaruhusiwi kustaafu. Yakishaosha mboga yanaosha vyombo, yakishaosha vyombo yanaosha gambuti, na yakishakuwa meusi kama chai ya shule yanapelekwa kwa miti. Hata maji yangu ya kuoga yalikuwa na miadi kabla sijavua nguo. Mimi naoga nimesimama ndani ya karai, na Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya huku Kola, amesimama nje ya bafu la mabati akikohoa kile kikohozi cha "umemaliza?" Ukimwaga chini, hata kikombe tu, anakuangalia kama mtu amekuona ukikanyaga Biblia.

Simlaumu. Alizaliwa Mwala, na huko alikua akifukua mchanga wa mto mkavu kwa kibuyu hadi maji yachungulie. Kwa Susu dunia ina ugonjwa mmoja, kiu, na dawa moja. Nawaambia mapema ili msije mkamcheka. Kucheka ni kazi yangu mimi, na hata mimi nilifika mahali nikaacha.

Babu alikuwa mtu wa kuchimba. Shamba letu liko kwenye mteremko, na mitaro yote ya fanya juu unayoiona pale ni ya mikono yake: unachimba, udongo unautupa upande wa juu, unapata ukingo unaoshika maji yasikimbie. Alijisifu kwamba tone likianguka kwake halitoki bila ruhusa. Mwaka wake wa mwisho alichimba mashimo sita kwenye mtaro wa chini, makubwa kweli, mbuzi mmoja akatumbukia akakaa humo asubuhi nzima akitutukana. Kola nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya avokado wakati huo, na babu naye alitaka kuugua na wenzake. Badala yake akaugua figo. Akavimba miguu, akapelekwa hospitali mjini Machakos, akarudi ndani ya sanduku.

Mashimo yakabaki wazi. Susu hakuweza kuyaona hivyo. "Shimo wazi kwa boma la mjane linangoja mtu," alisema. Akanunua miche sita ya avokado, ile ya kuunganishwa, kwa mtu anayeoteshea miche kando ya kijito, akaipanda mwenyewe. Toka siku hiyo ile haikuwa miti. Ilikuwa kazi ya babu inayoendelea. Asubuhi alianza kuisalimia kabla ya kunisalimia mimi, na nilipolalamika aliniambia miti haiachi vitanda bila kutandika.

Ikamea. Ikazaa kidogo, avokado za kwanza zikaenda kanisani kama shukrani, na mchungaji akazila kwa niaba ya Mungu. Halafu ikaja mvua ya masika ya kupita kiasi, ile ya kunyesha hadi vyura wanachoka. Mitaro ya babu ikajaa pomoni. Susu alisimama mlangoni na shuka mabegani akitabasamu kama mtu ambaye marehemu mumewe amepewa tuzo.

Mvua ilipoisha, mti wa kwanza, ule wa upande wa kilima, ukaanza kunyauka. Majani yalipauka yakalegea kama masikio ya punda. Chini yake udongo ulikuwa bado mbichi, ukiufinyanga unashikana. Sasa mti una kiu gani ukiwa umesimama kwenye matope? Lakini hakuna aliyeuliza. Huku kwetu jani likilegea, hakuna mjadala.

"Una kiu huu," Susu akasema.

Nikamwaga karai. Haukuamka. Tukaongeza. Jirani yetu, mama anayeongoza kwaya na anayejua kila kitu isipokuwa noti za muziki, akasema tunaunyima, tumwage zaidi. Tukamwaga zaidi. Punda akawa anapandisha mitungi kutoka bwawa la mchanga kule mtoni kwa ajili ya mti huo mmoja, hadi akaanza kunikwepa nikija na kamba. Mwenye duka la dawa za mimea akamwuzia Susu unga wa kuua ukungu, tukaukoroga tukanyunyiza, mti ukawa mweupe kama maiti aliyepakwa poda. Ukakauka kuanzia juu kushuka.

Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Hapo ndipo nilipoona kitu, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikibeba karai: ilikuwa inakufa kwa mpangilio, kutoka upande wa kilima kuelekea njiani, vile maji yanavyotembea ndani ya mtaro. Kama darasa linalosubiri viboko, ukimaliza wewe anasogea anayefuata.

Wa nne ulipoanguka kwa upepo mdogo tu, nikaangalia mizizi. Ile mikubwa ilikuwepo. Ile midogo, ile nyembamba ya kunywea, ilikuwa myeusi, inavunjika kama tambi mbichi. Nikaitia kwenye bakuli la chakula la plastiki pamoja na udongo, nikaenda nayo shule.

Mwenzangu wa dawati ni kijana ambaye hajawahi kula chakula chake kwanza. Alifungua bakuli langu chini ya dawati bila kuangalia, akatia mkono, akatupa mdomoni kama dagaa.

"Wewe, hii omena umeitoa wapi?"

"Kaburini."

"Na mbona haina chumvi?"

Aliitema somo la Biolojia likiendelea, na hivyo ndivyo mizizi ya Susu ilivyofika mbele ya mwalimu. Mwalimu wetu wa Bio ni mtu mwembamba asiyependa mzaha, na mimi alikuwa ameshanifukuza darasani mara nyingi kiasi kwamba nje nilikuwa na jiwe langu. Nikajua naenda kuketi kwenye jiwe. Lakini aliishika mizizi, akaikunja, akainusa.

"Huu mti ulikuwa unamwagiliwa?"

"Kama ubatizo, mwalimu. Kila siku."

Hakucheka. Akatuma mtu jikoni alete beseni. Akatia ule udongo, akaongeza maji, akaweka juu yake avokado mbichi nzima ielee, kutoka kwa mti ulio nyuma ya staffroom. "Tungoje," akasema. Basi darasa zima likaanza kusema mwalimu anapika, na mwenzangu wa dawati akauliza kama itakuwa tayari kabla ya Ijumaa.

Baada ya siku chache avokado ilikuwa na baka la kahawia. Si juu, si kote. Pale tu ilipogusana na maji, kama mstari wa soksi. Tukapanga foleni kwenye hadubini yetu moja, kila mtu akisukumana, na zamu yangu ilipofika nikaona vidude vidogo, vidogo sana, vikikimbia ndani ya tone la maji kama watoto wa nasari waliofunguliwa geti.

"Ni kuvu inayokimbia?" nikauliza.

"Si kuvu. Watu wanaiita ukungu wa maji, lakini si ukungu. Ni jamaa ya mwani. Ukuta wake umejengwa kwa selulosi, kama ukuta wa mti wenyewe."

"Na dawa ya ukungu tuliyonyunyiza?"

"Nyingi ya dawa hizo huvunja kiwanda kinachotengeneza mafuta ya ngozi ya kuvu. Huyu hana kiwanda. Mafuta hayo anaiba kwa mwenyeji wake. Sasa wewe utavunja kiwanda gani?"

Nikakumbuka mti umesimama na poda yake. Mwalimu akaendelea, na kwa mara ya kwanza sikuwa natafuta pa kuchomeka neno. Mzizi mchanga, alisema, huvujisha sukari kidogo kwenye udongo, hasa ukiwa na jeraha au umelowa hadi kukosa hewa. Kile kidude kinasikia utamu huo ndani ya maji, kinaufuata. Kina mikia miwili: mmoja mbele wa kukivuta, mwingine nyuma. Kikifika kinatupa mikia, kinajikunja, kinatoa uzi unaopenya ndani ya mzizi na kuanza kula. Mzizi ukioza, majani juu hayapati kitu.

Lakini tabia ni tabia. "Mwalimu," nikasema, "mlinzi mbele, mlinzi nyuma, anafuata harufu ya chakula cha watu, akiingia hatoki? Huyo ni mheshimiwa."

Darasa likaangua kicheko, meza zikapigwa. Toka siku hiyo jina lake ni Mheshimiwa. Mwalimu alingoja tunyamaze.

"Sawa," akasema. "Na huyo mheshimiwa hana gari. Bila maji hafiki popote. Kwa hivyo uliza nyumbani kwenu ni nani anayembeba."

Wengine waliendelea kucheka. Mimi nilikuwa naona karai.

Ulikuwa umebaki mti mmoja tusiokuwa tumeuzika, ule wa mwisho kabisa kando ya njia. Wa tano ulikuwa bado umesimama lakini ulikuwa umekwisha, unangoja tu kuambiwa. Mwalimu alisema wa mwisho huenda ukapona ikiwa tutaacha kuumwagia, tuondoe udongo tuliourundika kwenye shina, tutandaze nyasi kavu, na tukate ukingo wa mtaro maji yapate pa kutokea. Alisema "huenda" mara mbili, lakini mimi nilisikia "utapona".

Susu alikuwa akichambua kunde. Nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza yote, mikia, uzi, kiwanda.

"Susu, ule mti hauna kiu. Hauna mdomo. Tunaupa maji, anakunywa mwizi."

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu."

"Huyo mwalimu wako analima wapi?"

"Analima sisi, Susu. Na bado hatujamea."

Alicheka hadi kunde zikamwagika. Nikatumia nafasi hiyo kusema lile la ukingo. Kicheko kikakatika.

"Kukata mtaro wa babu yako?"

"Kidogo tu. Upande wa njiani."

"Huo mtaro umeshika udongo huu tangu kabla mama yako hajazaliwa. Watu wanajenga mitaro, wewe unabomoa. Ili maji yaende wapi? Kwa barabara? Barabara imepanda nini?"

Huku kwetu kutoboa mtaro ni kama kutoboa tangi la jirani. Nilimwambia tu kwamba tukiendelea hivi, mti wa mwisho wa babu utakufa, na utakuwa umeuawa na sisi. Alikusanya kunde moja moja kutoka kwa vumbi. Hatimaye akasema, "Kata. Lakini babu yako akija kwa ndoto yako usiniletee kesi."

Nikakata. Jembe langu liliingia kwenye ukingo ambao nyasi zake zilipandwa na babu, na sauti yake sikuipenda. Mama wa kwaya alipita njiani na mtungi mgongoni, akasimama.

"Aiyaa! Leo boma hili linafukuza maji?"

"Tumeshiba, mama," nikamjibu. "Ukitaka yaliyobaki kinga mdomo hapo chini."

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilijua kwamba mjukuu wa yule mjane amesomeshwa hadi akarukwa na akili.

Maji yangu ya kuoga yakahamishiwa kwa kunde zilizo upande wa juu wa nyumba, mbali. Susu hakukohoa tena nje ya bafu. Nikaukagua mti kila asubuhi kabla ya shule, na baada ya wiki kadhaa ukatoa majani mapya kwenye ncha mbili, madogo, mekundumekundu. Nilimpelekea Susu jani moja jikoni. Alilishika kama anavyoshika noti anayodhani ni bandia, akasema, "Haya." Nilijivuna mno. Darasani nilitangaza kwamba Mheshimiwa ameanguka uchaguzi.

Halafu jua la kiangazi likaja. Mchana majani yalilegea, jioni yakainuka kidogo. Mwalimu alinionya kwamba itakuwa hivyo: mizizi iliyobaki ni michache, mti unanywa kwa tundu la sindano, usiwe na pupa. Lakini Susu hakuwa anaona jioni. Alikuwa anaona mchana, peke yake, mimi niko shule.

Siku moja tulimaliza mtihani mapema nikafika nyumbani jua likiwa utosini. Nyumba ilikuwa wazi, Susu hayupo. Nikamkuta chini, kando ya njia, amepiga magoti kwenye nyasi kavu nilizozitandaza. Alikuwa amezifunua. Udongo ulikuwa mweusi kwa maji, sio ya siku hiyo pekee. Mkononi alikuwa na birika. Hayakuwa maji ya vyombo wala ya kuoga. Yalikuwa ya kunywa, yale ya mtungi wa ndani, na midomo yake mwenyewe ilikuwa imekauka imepasuka.

"Susu! Tulikubaliana nini?"

Hakushtuka. Aliendelea kumimina, polepole, kama anamimina kwa kikombe cha mgonjwa.

"Unamlisha yule yule! Nilikuambia anaogelea! Nilikuambia..."

"Uliniambia. Mikia miwili. Mmoja unavuta, mwingine unasukuma. Sikusahau. Unadhani mimi sielewi?"

"Sasa mbona unaua mti wa babu?"

Ndipo alipoweka birika chini.

"Babu yako, daktari alisema asipewe maji. Figo zimekufa, maji yatamzamisha. Kikombe kidogo kwa siku nzima, basi. Mimi nikasema ndiyo daktari. Nikakaa pale kwa kitanda. Yule mzee hakuwahi kuniomba kitu maisha yake yote, hata chumvi alikuwa anainuka kujichukulia. Siku ile aliniomba maji. Nikamlowesha midomo na pamba. Akaniomba tena. Nikamwambia ngoja, daktari amesema. Jagi lilikuwa hapo, mwiitu wakwa, msichana wangu, hapo juu ya kabati, analiona. Nilimtii msomi. Na bado alikufa."

Nilijua babu alikufa. Nilijua figo. Hili la jagi sikulijua.

"Susu," nikasema, "mti si mtu."

"Najua si mtu. Mimi si mjinga." Alifunika udongo na zile nyasi, vizuri, kama mtu anayefunika mtoto. "Huenda mwalimu wako anasema kweli. Hata daktari huenda alisema kweli. Lakini mimi kumtazama mwingine amelegea, jagi liko mkononi, siwezi tena. Ukiweza wewe, weza."

Nilikuwa na utani tayari. Mimi huwa nao daima, unajipanga wenyewe kwenye ulimi. Siku hiyo haukutoka. Nikachukua birika, nikamshika mkono, tukapanda hadi nyumbani.

Sikumkataza tena. Ningeweza kuficha mitungi, au kumleta mwalimu nyumbani, amweleze Susu kwa Kiswahili cha kitabu kwamba mapenzi yake yanaoza mizizi. Nilitazama tu. Yale majani mekundumekundu yakawa ya kwanza kuanguka.

Mti ukikaribia mwisho wake, goti la Susu lilimshika akashindwa kuteremka hadi mtaro wa chini. Nilikuwa naoga. Nikasikia kikohozi nje ya mabati, kile cha zamani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Susu."

Nikavaa, nikabeba karai hadi chini. Mti ulikuwa umebakiwa na majani manne, yote yamekunjamana. Nilijua kilichokuwa humo udongoni kikingoja, mikia tayari. Nikageuka nikatazama juu: Susu alikuwa ameketi mlangoni, ameinua kiganja kukinga jua, anaangalia.

Nikamwaga. Karai lote, taratibu, kuzunguka shina. Nikamwambia Mheshimiwa neno moja ambalo siwezi kuliandika hapa, kisha nikainua karai tupu juu ili Susu aone.

Mwisho wa muhula mtihani wa Bio ulikuwa na swali: eleza kwa nini mmea unaweza kunyauka ilhali udongo una maji ya kutosha. Nilijaza ukurasa hadi pembeni. Nilipata alama zote, na mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu "Vizuri sana", neno ambalo sijawahi kuandikiwa na mtu yeyote. Nilimpata baadaye nikamwuliza kama tunaweza kupanda avokado nyingine kwenye mashimo yale. Akasema hapana. Yule kiumbe ana mbegu zenye ganda nene, zinalala udongoni miaka mingi, zikisikia mzizi na maji zinaamka. Kwa hivyo mashimo ya babu sasa yako wazi tena, yote sita, na ukingo una pengo lililochimbwa na mimi.

Miti tuliikata kuni. Nilikuwa na ule mtihani mfukoni, nikampa Susu awashie moto, akaukunja bila kuusoma, akauingiza chini ya vijiti. Kuni za avokado ni mbaya. Haziwaki, zinafuka tu, jikoni panakuwa peupe kwa moshi hadi huoni sufuria. Mama wa kwaya alikuja kuomba kibiriti akatukuta tumeketi humo, kila mtu na kigoda chake, macho yanatiririka.

"Mbona msitoke nje?" akauliza. "Huo moshi utawaua."

"Ngoja chai iive," Susu akasema, akanisukumia kikombe cha maji ninywe kwanza.